Swali Ambalo Mtoto Hakuulizwa

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia barazani kwangu mtu niliyesoma naye chuo cha Kurani tulipokuwa watoto. Mimi na yeye tulianza alifu siku moja, tukakalia jamvi moja, tukachapwa kwa kikoto kimoja. Ila mimi nilihitimu, naye hakufika hata nusu ya msahafu. Jina lake sitalitaja. Wala mtaani halikutajwa sana siku zile, kwani kila mtu alimwita Mtoro. Alikuwa akitumwa chuoni akaonekana pwani. Akiletwa kwa kukokotwa, hutoroka tena kesho yake. Mwalimu alimpiga kwa sababu ya utoro, babake akampiga kwa sababu ya utoro, na sisi wenziwe tukamzomea kwa sababu hiyo hiyo. Nami, ndugu msomaji, nina langu la kuungama: shairi la kwanza nililopata kutunga maishani mwangu, nikiwa na umri wa miaka tisa, lilikuwa la kumcheka yeye. Lilikuwa na mishororo minne, vina vyake vimekaa sawa, na watoto waliliimba vichochoroni hadi wakachoka. Sitalirudia hapa.

Alikunywa kahawa vikombe viwili bila ya kusema neno. Kisha akaniuliza, "Wajua kwa nini nilikuwa nikitoroka?"

Nikamjibu kama nilivyojua siku zote, kwamba alichelea kikoto.

"Kikoto kilikuwa nafuu," akasema.

Akanieleza. Alikuwako mtu mzima mwenye kuaminiwa nyumbani kwao, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumpeleka mtoto chuoni na kumrudisha. Njiani palikuwa na nyumba tupu. Msomaji mwenye akili hana haja ya kuelezwa zaidi, wala mimi sikupewa ruhusa ya kueleza zaidi. Mambo hayo yalidumu kwa muda wa miaka miwili, na kutoroka ndiyo hila pekee aliyoweza kuibuni mtoto wa miaka minane: asipokwenda chuoni, hana njia ya kupita.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Mbona hukuniuliza?" akanijibu.

Sikuwa na la kumwambia. Lakini tangu usiku huo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu yale ambayo wataalamu wa nafsi na wa tiba wameyachunguza juu ya watoto waliodhulumiwa, na jinsi dhuluma hiyo inavyokaa ndani ya mtu hata baada ya ndevu kuota na kuwa mvi. Na la kunistaajabisha ni kuwa hata huko kwa wataalamu, jambo lote lilianzia katika swali ambalo watu hawakuwa wakiuliza.

Mwaka wa 1985, katika mji wa San Diego, jimbo la California huko Marekani, palikuwa na kliniki ya kuwatibu watu walionenepa kupita kiasi. Iliendeshwa na daktari aitwaye Vincent Felitti, chini ya shirika kubwa la matibabu la Kaiser Permanente. Matibabu yalikuwa yakifaulu. Lililomkera daktari huyo ni kwamba waliokuwa wakijitoa kabla ya kumaliza hawakuwa wale walioshindwa kupungua, bali aghalabu ni wale waliokuwa wakipungua vizuri. Mgonjwa mmoja, mwanamke, alitoka ratili 408 akafika ratili 132 kwa muda usiotimia mwaka. Kisha ghafla akaanza kurudisha unene kwa kasi ambayo haikuelezeka. Felitti alipomhoji, ikadhihirika kwamba kuna mwanamume kazini aliyekuwa amemtaka, na nyuma ya hilo kuna jambo la zamani zaidi: udogoni alikuwa akiingiliwa na babu yake.

Daktari akazidi kuwahoji wagonjwa wake, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza uzito wao katika kila umri. Siku moja ulimi ukamteleza. Alikusudia kumuuliza mwanamke mmoja alikuwa na umri gani alipojuana na mwanamume kwa mara ya kwanza. Badala yake akamuuliza alikuwa na uzito gani. Mwanamke akajibu: ratili arubaini. Daktari akadhani amesikia vibaya, akalirudia swali lile lile la makosa, na jibu likawa lile lile. Hapo mwanamke akaangua kilio, akaongeza kwamba alikuwa na miaka minne, na kwamba mwanamume mwenyewe ni baba yake.

Felitti amelisimulia tukio hilo mara nyingi, nami nimelisoma mara nyingi. Alipoendelea kuuliza, sasa kwa kukusudia, alikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa wake wanene walikuwa na hadithi za namna hiyo. Mwingine akamfahamisha siri yenyewe: mtu mnene, watu humpita bila ya kumtazama, na hivyo ndivyo alivyotaka yeye. Unene ambao daktari alikuwa akiuona kuwa ni ugonjwa, kwa mgonjwa ulikuwa ni ngome. Alipokuwa akimpunguza, alikuwa akimbomolea ukuta, na mwenye ukuta akarudi kuujenga usiku.

Niliposoma maneno hayo nilikiweka chini kitabu. Utoro wa mwenzetu nao ulikuwa ukuta, na sisi sote, mwalimu, wazazi na mimi mshairi wa mishororo minne, tulikuwa tukiubomoa kwa bidii na kudhani tunamwongoa.

Felitti alipoyaeleza mambo yake mbele ya madaktari wenziwe, si wengi waliomwamini. Aliyemwunga mkono ni daktari mwingine, Robert Anda, wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na kudhibiti magonjwa, kule Atlanta. Wakaungana wakafanya uchunguzi mkubwa kati ya 1995 na 1997, wakawauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao. Maswali yalikuwa wazi. Je, ulipigwa hata ukaumia? Je, ulitukanwa na kudhalilishwa nyumbani? Je, mtu mzima alikugusa kwa njia isiyofaa? Je, mama yako alikuwa akipigwa mbele yako? Je, nyumbani mlikuwa na mlevi, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa jela? Kisha majibu hayo yakalinganishwa na afya ya watu hao.

Na wasidhani wasomaji kwamba waliohojiwa ni mafukara wa vichochoroni. Walikuwa ni watu wa kawaida wenye bima ya matibabu, wengi wao waliosoma hata chuo kikuu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 1998. Zaidi ya nusu walikuwa wamepatwa na angalau jambo moja katika hayo, na robo walipatwa na mawili au zaidi. Waliopatwa na aina nne au zaidi, wakilinganishwa na wale ambao hawakupatwa na lolote, walikuwa na uwezekano wa mara 7 zaidi wa kuwa walevi, mara 10 zaidi wa kujidunga sindano za dawa za kulevya, na mara 12 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua. Hata maradhi ambayo hatuyahesabu kuwa ya nafsi, kama vile ya moyo na ya ini, yalionekana kuongezeka kwa kadiri ya dhuluma za utotoni.

Hapa yanipasa kuweka tahadhari, kwani sisi watu wa pwani ni wepisi wa kugeuza kila hesabu kuwa ramli. Hesabu hizi ni za umati wa watu, wala hazisemi lolote la yakini juu ya mtu mmoja. Robert Anda mwenyewe, pamoja na wenziwe, aliandika mwaka wa 2020 kuonya kwamba hesabu ile isitumiwe kumpimia mtu mmoja mmoja na kumtabiria maisha. Hali kadhalika ule usemi kwamba aliyedhulumiwa lazima atadhulumu. Mtaalamu Cathy Widom, katika uchunguzi wake uliotangazwa mwaka wa 1989, alifuata kumbukumbu za mahakama za watoto 908 waliokuwa wametendewa ubaya au kutupwa na wazazi wao, akawalinganisha na watoto wengine wa hali kama yao. Kweli, waliodhulumiwa walikamatwa na polisi kwa makosa zaidi kuliko wenzao. Lakini wengi wao hawakukamatwa kwa lolote. Basi na asije mtu akamkatalia kijana posa kwa sababu kasikia kwamba utotoni aliteswa.

Ama vipi dhuluma ya utotoni inavyoingia mwilini, wataalamu wa ubongo wamekwisha kueleza sehemu yake. Ndani ya kichwa mna kijisehemu chenye umbo la lozi, ambacho kazi yake ni kupiga kengele penye hatari. Kengele ikilia, mwili humiminwa homoni za kuufanya uwe tayari kupigana au kukimbia, na moyo hudunda. Kwa mtoto aliye salama, kengele hulia na kunyamaza. Kwa mtoto ambaye hatari yake inaishi naye nyumba moja, hulia mchana na usiku, na ubongo unaojengeka wakati huo hujengeka juu ya kelele hiyo. Mfano wake ni nyumba iliyowahi kuingiwa na mwizi: miaka ishirini baadaye, upepo ukigonga dirisha, wenyewe wote huamka. Ndiyo maana mtu mzima wa namna hii huweza kutetemeka kwa harufu ya mafuta fulani ya nywele, au kupandwa na hasira kwa kuguswa bega, na yeye mwenyewe asijue kwa nini. Wengine hukosa usingizi. Wengine hushindwa kumwamini hata mke aliyewazalia. Na wengi, hili ndilo zito kuliko yote, hujilaumu wao wenyewe, kwa kuwa mtoto mdogo huona ni afadhali aamini kuwa yeye ndiye mbaya kuliko kuamini kwamba wakubwa wanaomlisha ndio wabaya.

Baadhi husahau. Mwaka wa 1994 mtafiti Linda Williams alieleza jinsi alivyowatafuta wanawake 129 ambao, walipokuwa watoto, walipelekwa hospitali kwa kunajisiwa na mambo yao yakaandikwa. Miaka 17 hivi ilikuwa imepita. Alipowahoji, 38 katika kila mia hawakulitaja tukio lile lililoandikwa. Kwa hivyo mtu akisema, "Mbona hakusema miaka yote hii?", ajue kwamba kutosema si hoja ya kuwa halikutokea.

Isitoshe, wataalamu wenyewe walikawia. Sigmund Freud, yule tabibu maarufu wa nafsi, alisimama mbele ya madaktari wenziwe mjini Vienna mwaka wa 1896 akatangaza kwamba nyuma ya maradhi ya wagonjwa wake kulikuwa na kuchezewa walipokuwa watoto. Alipokewa kwa ubaridi, na mwaka uliofuata akaiacha kauli yake. Ilibidi ulimwengu ungoje hadi mwaka wa 1962, ndipo daktari Henry Kempe wa Denver na wenziwe walipoandika juu ya watoto waliokuwa wakifikishwa hospitali na mifupa iliyovunjika mara baada ya mara, huku wazazi wakisema wameanguka. Picha za eksirei ndizo zilizotoa ushahidi. Wanadamu hawakutaka kuamini hadi mifupa yenyewe iliposema.

Na hapo mifupa ndipo inaponirejesha kwetu. Mzazi wa zamani alipomkabidhi mwanawe kwa mwalimu wa chuo, alikuwa akisema, "Mwalimu, nyama ni yako, mifupa ni yangu." Maana yake: mpige utakavyo, lakini usimvunje. Nilisemewa maneno hayo mimi mwenyewe nikiwa nimeshikwa mkono na marehemu baba yangu, Mola amrehemu, na siwezi kusema kwamba baba hakunipenda. Tulikuwa na methali za kutosha za kumpa mwalimu idhini. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na hadi leo ukikaa barazani na watu wa rika langu, ukaligusa jambo hili, hutakosa wa kukwambia: "Sisi tulipigwa, na tumekuwa watu."

Nami nilikuwa nikisema vivyo hivyo. Lakini hebu tuyatazame maneno hayo. Anayeyasema ni aliyefika. Wale ambao kikoto kiliwavunja, aliyeingia kwenye unga akafa maskani, aliyekimbilia bara asirudi tena, aliyejifungia chumbani kwa mama yake hadi kuzeeka, hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Tunahesabu jahazi zilizofika bandarini na kusema kwamba bahari ni shwari.

Wala wasisingizie dini. Tuliosoma Sira twajua kwamba Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu akiwa mtoto, na ushahidi wake ni kuwa hakuambiwa hata neno la kuchukizwa. Imamu Ghazali alimweka mtoto mikononi mwa wazazi wake kwa jina la amana, na amana huulizwa. Lakini aliyenishangaza zaidi ni Ibn Khaldun. Katika utangulizi wa tarikhi yake, alioukamilisha mwaka wa 1377, ameweka mlango mzima juu ya madhara ya kuwafanyia wanafunzi ukali, hususan walio wadogo. Anaeleza kwamba mtoto anayelelewa kwa kutenzwa nguvu, nafsi yake hubanwa na uchangamfu wake huondoka. Huwa mvivu, na hufundishika uongo na hila kwa kuogopa mikono inayomfikia. Kisha uongo huo na hila hizo humkaa zikawa ndiyo tabia yake ukubwani, na ule utu wa kujitetea yeye na nyumba yake humtoka. Zaidi ya miaka mia sita imepita tangu maneno hayo yaandikwe, na mwandishi wake si Mmarekani wala si mtu wa kliniki. Alihifadhi Kurani kama walimu wetu walivyoihifadhi. Sijui imekuwaje sisi tukarithi kikoto tusiurithi mlango huo.

Sasa nije kwenye hali ya nchi yetu. Mwaka wa 2010 ulifanywa hapa Kenya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24 waliohojiwa, wasichana 32 katika kila mia, na wavulana 18 katika kila mia, walisema kuwa walidhulumiwa kwa njia ya zinaa kabla ya kutimia miaka 18. Waliopigwa na kuumizwa walikuwa wasichana 66 na wavulana 73 katika kila mia. Uchunguzi uliporudiwa mwaka wa 2019, hesabu zilikuwa zimeshuka sana: wa zinaa wasichana 16 na wavulana 6 hivi, na wa kupigwa wasichana 39 na wavulana 52. Tumshukuru Mungu kwa kushuka huko, na tukumbuke kwamba hata hiyo ndogo ni mtoto mmoja wa kike katika kila sita au saba. Hesabu hebu na ifanywe katika harusi ijayo, upande wa wanawake.

Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba? Huko nako palihesabiwa, mwaka wa 2009, na kilichoonekana ni kinyume cha kwingi: waliosema kwamba walidhulumiwa kwa njia hiyo utotoni walikuwa wengi zaidi upande wa wanaume, karibu 9 katika kila mia, kuliko wanawake ambao walikuwa 6. Nayataja haya kwa sababu pwani nzima tuna ada ya kumchunga binti kwa macho manne na kumwachia mvulana njia zote wazi, tukidhani kwamba yeye hana cha kuibiwa.

Sheria hazikukosekana. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Sheria ya makosa ya zinaa ikapitishwa mwaka wa 2006. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto na dhuluma na adhabu za kikatili, na sheria mpya ya watoto ikaja mwaka wa 2022. Lakini sheria hungoja mashtaka, na kwetu mashtaka hufia sebuleni. Jambo likitokea, wazee hukutana, milango hufungwa, mwenye makosa husafirishwa kwa mjomba wake, na mtoto huambiwa anyamaze ili jina la ukoo lisipate doa. Tunaliita hilo sitara.

Mimi si shehe wala sitoi fatwa, lakini neno hili nimelisoma kidogo. Sitara tuliyohimizwa ni ya kuficha kosa la mtu aliyejikosea nafsi yake akatubu. Haikuwa ni ya kumfunika dhalimu huku aliyedhulumiwa akiwa hai, analia, na kesho atapita njia ile ile. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na uadilifu katika ushahidi hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Na aliyehitimu atakumbuka kuwa katika Suratut Takwir, katika mambo ya kutisha ya Siku ya Kiyama, yumo mtoto wa kike aliyezikwa akiwa hai. Anayepelekewa swali siku hiyo ni yeye mtoto, si yule aliyemzika. Tangu nizungumze na mwenzangu, aya hiyo nikiifikia husimama.

Nisimwache msomaji gizani. Katika kisiwa cha Kauai, kule Hawaii, mtaalamu wa kike, Emmy Werner, na wenziwe waliwafuata watoto wote waliozaliwa kisiwani mwaka wa 1955, jumla yao 698, hadi walipokuwa watu wa makamo. Thuluthi yao hivi walizaliwa katika shida nzito: ufukara, ugomvi, ulevi au wazimu nyumbani. Na thuluthi ya hao wenye shida walikua wakawa watu wazima wazuri, wenye kujiamini na wenye huruma. Walipochunguza waliokolewa na nini, walikuta, pamoja na mengine, kwamba kila mmoja alikuwa na mtu mzima mmoja wa kumtegemea. Hakuwa lazima awe mzazi. Wengine alikuwa nyanya, wengine shangazi, wengine mwalimu, jirani, au mtu wa nyumba ya ibada. Mtu mmoja tu! Na katika nyumba zetu za pwani, zenye nyanya ukumbini na jirani anayeingia bila ya kubisha hodi, mtu mmoja ni wa kukosekana?

Huenda hakukosekana. Huenda alikuwapo na hakuuliza, au aliuliza kwa ukali. Wanaofanya kazi ya kuwatibu watoto wanasema kwamba mtoto aliyebadilika ghafla ndiye wa kuulizwa: aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, aliyeacha kukojoa kitandani akarudia, anayekataa kwenda kwa mtu fulani au kupita mahali fulani. Aulizwe peke yake, kwa upole, wala asitiwe maneno kinywani. Akisema, asiambiwe kwamba anasema uongo, wala asiulizwe alifuata nini huko. Na asiletwe mbele ya mshtakiwa ili "wasikizane". Aambiwe kwamba kosa si lake. Kisha apelekwe hospitali, na mambo yafikishwe kwa wenye mamlaka. Ipo simu ya kuwasaidia watoto, nambari 116, ambayo haina malipo. Haya yote hayahitaji shahada.

Mwenzangu ana mjukuu wa miaka saba, anayesoma chuoni. Humpeleka mwenyewe kila siku, akakaa nje kivulini hadi watoto waachwe, kisha akamrudisha kwa mkono. Watu humcheka, wakisema kwamba Mtoro sasa ndiyo anahitimu. Njia wanayoipita ni ile ile ya zamani, ila ile nyumba ilikwisha kuvunjwa na mahali pake pana duka la simu.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimwendea nikamsomea yote, nimpe nafasi ya kunikatalia. Alisikiliza, akabadilisha maneno mawili, akasema nipeleke gazetini. Kisha akaniuliza kama lile shairi langu bado nalikumbuka. Nikamwambia nalikumbuka.

"Hata mimi," akasema. Akalisoma lote, mishororo minne, hakukosea hata kina kimoja.